Anza na Samaki Aliyeoza

Nimestaafu. Mama yangu hataki kulisikia neno hilo, kwa sababu yeye mwenyewe bado anauza maharagwe sokoni na hana mpango wa kuacha, na mimi mtoto wake wa kwanza sina hata mvi moja kichwani. "Mutu anastaafu akiwa na meno yote?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, mtu anaweza kumaliza kazi moja akiwa na meno yote kisha akaanza nyingine. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Basi ninyi mastajere, wanafunzi wa mazoezi mnaoingia labo yetu ya njia ya Munigi, mnaorithi kiti changu, koti langu jeupe lenye doa la pinki mfukoni, na ile pipeti inayokwama ukiibonyeza kwa hasira, nawaandikia kama mstaafu. Mkitaka kucheka, chekeni sasa, halafu msome.

Wengine hufuga ng'ombe, wengine hufuga sungura. Mimi kwa miaka yote ya kazi nilifuga kimeng'enya kimoja. Nawaeleza kazi yake kwa ufupi, maana siku ya kwanza mtapewa vitabu vinene na mtaogopa bure. Ndani ya kila kiumbe kuna vitu vinavyoitwa purini: ndani yako, ndani ya maharagwe ya mama yangu, ndani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Samaki akiwa hai, sehemu ya purini zake humpa nguvu ya kuogelea. Akifa, akiba hiyo inavunjika hatua kwa hatua, na kipande kimoja kinachojikusanya mwishoni kinaitwa hipozantini. Jina hilo nalitaja mara hii tu. Samaki aliyevuliwa sasa hivi anacho kidogo sana, na aliyelazwa lazwa anacho tele. Kimeng'enya chetu hukidaka kipande hicho, hukivunja tena, na katika kukivunja hutoa kitu ambacho, kikikutana na rangi tunayoweka sisi, maji yote yanakuwa ya pinki.

Kwa hiyo pinki maana yake samaki amekaa. Maji yakibaki meupe, samaki ni mbichi. Mkishika hilo, mmeshika nusu ya kazi. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwalimu wangu alikuwa Profesa Kambale, ambaye bado mtamkuta pale, mtu wa Butembo, mkubwa wa mwili na wa kicheko. Ana ugonjwa wa goutte, yaani jongo, katika kidole gumba cha mguu wa kushoto. Ndani ya mwili wa binadamu purini huishia kuwa asidi, na asidi ya Profesa ilichagua kukaa pale. Jumapili akila sambaza wa kukaanga na bia mbili tatu, Jumatatu anakuja kazini na kiatu mguu mmoja, sandali mguu mwingine. Hakuona haya. Aliinua mguu juu ya kiti na kusema, "Somo la leo liko hapa," kisha akafundisha njia nzima ya purini kuanzia kwenye sahani hadi kwenye kidole. Sijawahi kuisahau njia ile. Vitabuni niliisoma mara nyingi na kuisahau kila mara.

Mimi nilikuja kwake nikiwa na diplome mpya na mdomo usiotulia. Niliuliza kwa nini tunapima dakika hizi na siyo zile, kwa nini maji haya na siyo ya bomba, nani alisema. Aliniita Mamzel Kwa Nini, binti wa maswali. Aliponieleza kwamba kimeng'enya chetu asili yake ni bakteria, kwamba watu wa ng'ambo walichukua jeni yake wakaipandikiza ndani ya bakteria mwingine anayekua haraka, wakamlisha, wakamvunja, wakakisafisha kimeng'enya na kukitia kwenye vichupa, niliuliza tunajuaje kwamba kilichomo ndani ya kichupa ndicho wanachosema. Nilitegemea hotuba. Alisema neno moja tu: "Pima." Nilidhani ananifukuza, kumbe alikuwa amenipa jibu zima.

Zamani, kabla yangu, kimeng'enya cha kazi hii kilitoka katika maziwa ya ng'ombe. Profesa alipogundua hivyo akiwa kijana, alikuwa na wazo ambalo mtu yeyote wa hapa angekuwa nalo: kwa nini tununue ng'ambo wakati Masisi imejaa maziwa? Akaleta madumu, akachuja, akatia chumvi, akazungusha, akachuja tena. Baada ya wiki hakuwa na kimeng'enya chochote, ila alikuwa na kitu kilichofanana sana na jibini. Wafanyakazi wote walikula. Anasema ndiyo majaribio pekee katika maisha yake ambayo hakuna aliyebishana na matokeo yake.

Sasa kuhusu mikono. Kimeng'enya hakitikiswi kama dawa ya kikohozi. Kigeuze kichupa polepole, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala usingizi. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa kwanza alikitikisa hadi kikatoa povu, na Profesa akapita nyuma yake, akatazama, akauliza kwa upole kama kuna glasi, maana bia iko tayari. Povu ni ishara kwamba umeumiza kitu. Shika kichupa kwa shingo, siyo kwa kiganja, kwa sababu kiganja chako kina joto kuliko unavyodhani. Na ukimaliza, kirudishe kwenye baridi kabla hujaandika chochote, kabla hujajibu simu, kabla hujamsalimia mtu.

Baridi. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Mnajua umeme wetu. Unakuja, unaondoka, na hautoi maelezo. Katika labo nzima mashine moja tu ilikuwa imefungwa kwenye betri za jua: konjelateri, lile sanduku jeupe la kugandisha lililo pembeni ya dirisha. Frigo, yaani friji ya kawaida, haikuwa na betri. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeihoji, hata mimi ninayehoji kila kitu: kila kilichopita mpaka na kufika kwetu kwa taabu, kilikwenda moja kwa moja kwenye konjelateri. Kadiri kitu kilivyokuwa cha thamani, ndivyo tulivyokisukuma chini zaidi kwenye barafu. Kwetu baridi ilikuwa namna ya kupenda.

Desturi ya pili ilitoka kwenye volkano. Watu wa mji huu walioona lava ikishuka barabarani walijifunza kutoweka kila kitu nyumba moja. Basi labo yetu nayo ilikuwa inagawa. Vikija vichupa viwili, kimoja kinalala labo, cha pili kinalala konjelateri ya nyumbani kwa Profesa, Katindo, katikati ya nyama na maharagwe yaliyochemshwa. Mke wake alikuwa amezoea. Aliwaonya watoto tu kwamba vile vichupa vya baba si vya kulamba.

Desturi hizi mbili zilikutana mwaka ule Mama Riziki alipotujia.

Mama Riziki ananunua sambaza pale Kituku, asubuhi mitumbwi inapotia nanga, na anafanya kazi na wanawake wengine wanne. Wenzao wengi hubeba samaki katika beseni wazi, juani. Yeye alikuwa amejitengenezea sanduku: mbao nje, povu la plastiki ndani, barafu chini, samaki juu, kifuniko. Aliamini samaki wake wanabaki wabichi hadi mchana. Na alikuwa na sababu ya kutaka watu wengine waamini. Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa inatafuta mtu wa kuleta samaki kila wiki, mwaka mzima. Masere ekonome, yule mtawa anayesimamia jiko la shule, aliwahi kuona watoto wakiumwa tumbo baada ya samaki wa muuzaji mwingine, naye akaapa kwamba hatanunua tena kwa kuangalia macho ya samaki. Alimwambia Mama Riziki amletee ushahidi wa labo kabla ya Ijumaa. La sivyo, Ijumaa angeagiza samaki wa karton, wale wanaokuja wamegandishwa kutoka mbali.

Kwa Mama Riziki na wenzake wanne, shule ile ilikuwa mwisho wa kuzunguka mtaa kwa mtaa na beseni kichwani. Alituambia hivyo waziwazi, akiwa amekaa kwenye kiti cha Profesa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

Kimeng'enya kipya kilikuwa kimefika wiki ileile, vichupa viwili. Kile tulichozoea kilikuwa kinakuja ndani ya maji mazito kama asali, yasiyoganda hata kwenye konjelateri. Hiki kipya kilikuja ndani ya maji ya chumvi, kikielea kama wingu. Tulisema, wamebadilisha, sawa. Kichupa cha kwanza kikaenda kwenye konjelateri ya labo, chini kabisa, mahali pa heshima. Cha pili kilitakiwa kwenda Katindo, lakini konjelateri ya Profesa ilikuwa imejaa nyama ya harusi ya mpwa wake, hata kuku mmoja asingeingia. Nilikuwa na haraka. Mama Riziki alikuwa mlangoni na sanduku lake, nami nikamwomba anitunzie kichupa katika barafu yake siku chache. Alikipokea bila kuuliza, akakiweka chini ya samaki, akaenda.

Jumanne tukapima. Tulichukua samaki wa sanduku lake, na kwa kulinganisha, samaki wa beseni la jirani yake, wote wakiwa wamesubiri hadi mchana. Nilikitoa kichupa kwenye konjelateri, kikayeyuka, nikaona vipande vidogo ndani kama maziwa yaliyokatika. Nilifikiri ndivyo kilivyo. Nikageuza polepole, nikatia, tukasubiri.

Maji meupe. Mirija yote. Sambaza wa Mama Riziki walikuwa wabichi kabisa.

Mama Riziki hakuruka wala kupiga vigelegele. Aliweka mkono mdomoni akabaki hivyo. Profesa alimpa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani wa serikali. Wale wanawake wanne waliokuwa wakisubiri nje wakaanza tayari kupanga nani atapeleka siku gani. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mirija, nikitazama ile ya beseni.

Ilikuwa myeupe pia. Samaki waliokaa juani asubuhi nzima, wakizungukwa na nzi, nao wabichi kama wa alfajiri. Nilimwonyesha Profesa. Alisema labda siku ile haikuwa na jua kali. Nilitoka nje kuangalia. Mawe meusi ya lava uani yalikuwa yanachoma miguu kupitia viatu.

Hapa nawaambia jambo moja kuhusu mashaka, maana watu watawaambia kwamba mashaka ni tabia ya watu wenye roho mbaya. Ni rahisi kuhoji habari mbaya, kila mtu hufanya hivyo. Matokeo yakikuumiza, utarudia kupima mara kumi. Kazi ngumu ni kuhoji habari ambayo wewe mwenyewe unaipenda, mbele ya watu ambao tayari wanacheka.

Nilichukua sambaza wachache, nikawaweka juu ya ukuta wa nyuma, juani, nikawaacha hadi kesho yake jioni. Paka wa mlinzi, ambaye hula hata ngozi ya viazi, alikuja, akanusa, akaondoka na mkia chini. Nikawaponda samaki hao, nikawachuja nikiwa nimeziba pua kwa kola, nikawapa kimeng'enya.

Maji meupe. Kimeng'enya chetu kilimpima samaki aliyekataliwa na paka na kusema ni mbichi.

Profesa alikuja na sandali yake, akatazama mrija, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaniambia nimwite Mama Riziki.

Alikuja Alhamisi asubuhi na kreti ya soda, kwa sababu alidhani tunamwita kuchukua karatasi ya Masere. Aliweka kreti mezani. Nilimwambia kabla hajafungua hata chupa moja, maana niliona nikichelewa sitaweza.

"Unasema nini?"

"Nasema dawa yetu imekufa, Mama. Haioni kitu. Hata samaki wa kuoza inasema ni mubichi."

"Lakini ya kwangu iko mubichi."

"Pengine. Hatujui."

"Mimi najua. Pua yangu inajua."

"Masere haiulizi pua yako, Mama. Angetaka pua, angekuja na yake."

Alinitazama kutoka viatu hadi nywele. "Weye mutoto, ulienda masomo juu ya kutafuta tu matatizo?"

"Ndiyo," Profesa akajibu badala yangu. "Diplome yake njo inasema vile."

Mama Riziki hakucheka. Alisema tulimwambia ndiyo Jumanne, mbele ya mashahidi wanne, na kwamba wale mashahidi tayari wamewaambia waume zao. Alisema kesho ni Ijumaa. Alisema, kwa sauti ya chini ambayo ilinisumbua kuliko kelele, kwamba kama sisi wenye mashine hatujui, yeye atamwambia Masere nini? Profesa alimjibu ukweli: akipeleka karatasi ile na watoto wakaumwa, hatauza tena samaki katika mji huu, si shuleni wala mtaani. Mama Riziki akakaa chini. Kile kiti tena.

Ndipo Profesa akaniuliza kichupa cha pili kiko wapi, maana nyumbani kwake hakukiona.

Nilieleza habari ya nyama ya harusi. Nilieleza habari ya sanduku. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Ndani ya samaki?"

"Chini ya samaki, Papa Prof."

"Kwa barafu yenye kuyeyuka? Siku zote hizi?"

Alishika kichwa. Kwa akili yake, na kwa akili yangu pia wakati ule, kile kilikuwa kichupa tulichokitelekeza. Cha kwanza tulikitunza kama mfalme na kimekufa, basi hiki kilicholala na sambaza kingekuwa na hali gani? Mama Riziki ndiye aliyeinuka. "Ile kachupa? Iko vile vile. Nilifikiri ni dawa yako ya tumbo." Tukapanda moto moja, yaani pikipiki, sisi wawili, mimi nyuma, hadi kwake, na tukarudi na sambaza wachache wa beseni la jirani yake na sanduku zima la samaki wa siku ile limefungwa kwa mpira, tukitiririsha maji ya barafu barabara yote.

Nilikitoa kichupa kwa shingo. Kilikuwa kinanuka sambaza kwa nje. Ndani kulikuwa na wingu laini, halina kipande hata kimoja. Nikageuza polepole. Mama Riziki akataka niweke samaki wake kwanza. Nilikataa. Nilisema tuanze na yule aliyeoza, kwa sababu kama hakimtambui huyo, hakuna haja ya kukiuliza habari ya mwingine.

Tukasubiri, watu watatu tumeinama juu ya mrija mmoja mdogo. Kwanza hakuna kitu. Kisha pembeni ikaja rangi kidogo, kama mtu ametia tone la sharubati nyekundu ya grenadini, ikashuka, ikaenea, na maji yote yakawa pinki kali kabisa. Profesa alipiga meza kwa furaha, akasahau mguu wake, akaupiga chini kwa nguvu, akapiga yowe. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia uozo namna ile.

Nini kilikuwa kimetokea? Profesa hakutaka kukisia. Alichukua tone moja la kichupa kizima, akaligandisha kwenye konjelateri hadi likawa jiwe, akaliyeyusha, akalipima kwa samaki aliyeoza. Meupe. Basi. Kile cha maji mazito kilikuwa hakigandi, ndiyo maana desturi yetu haikuwahi kukidhuru. Hiki cha maji ya chumvi kinataka baridi, lakini hakitaki kuganda, na sisi tulikizika kwenye barafu kwa sababu tulikithamini. Kilichohitaji ni baridi ya barafu inayoyeyuka, hiyo hiyo aliyopewa sambaza. "Tulikiua kwa mapenzi," alisema Profesa. Siku ileile akahamisha waya wa betri kutoka konjelateri kwenda frigo. Msiurudishe.

Lakini Mama Riziki hakuwa na wakati wa waya. Alitaka samaki wake wapimwe. Tukatia wa beseni: pinki. Alitabasamu. Tukatia wa katikati ya sanduku lake: meupe, kivuli tu cha rangi ukitazama kwa karatasi nyuma. Alitabasamu zaidi. Tukatia wa juu, wale waliogusa kifuniko.

Pinki. Siyo kama wa beseni, lakini pinki.

Nilisikia mtu akivuta pumzi, na sijui kama ilikuwa yeye au mimi. Mama Riziki aliisogeza mirija mitatu karibu, mmoja mmoja. Alisema tuandike ya katikati tu. Profesa aliweka kalamu chini. Mimi pia nilitaka apate shule ile kama yeye alivyoitaka. Tungeandika ya katikati tu, na kila neno lingekuwa kweli, na watoto wangekula wa juu.

Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo nakidai kuwa changu. Alisema, "Kwa nini ya juu?"

Tukafungua sanduku. Barafu chini, samaki juu yake, halafu hewa, halafu kifuniko kilichopikwa na jua. Walio karibu na barafu walilala vizuri. Walio juu walikuwa wamelala chini ya bati la moto. Hakuna aliyehitaji kueleza. Alifunga sanduku, akachukua kreti yake ya soda, akasema tutakunywa kesho au hatutakunywa, akaondoka.

Ijumaa alifika kabla ya wote, akiwa na sanduku, kreti ileile ya soda, na Masere mwenyewe nyuma yake, mwanamke mwembamba mwenye miwani na mkoba uliobanwa kwapani. Mama Riziki alikuwa ameamua kutompelekea karatasi yoyote. Alfajiri ile, wavuvi walipotia nanga, alikuwa amepakia barafu chini, samaki, barafu, samaki, na barafu juu kabisa, na hakufungua kifuniko hata mara moja tangu Kituku. Walisubiri labo hadi mchana, Masere akisali rozari, Mama Riziki akitazama saa ya ukutani ambayo, sikutaka kumwambia, haifanyi kazi.

Nilipochukua pipeti, nilitaka kuanza. Alinizuia mkono.

"Anza na ile ya kuoza," alisema. "Masere aone kwanza kama dawa iko na macho."

Nikaanza na aliyeoza. Masere aliinama, akaona pinki, akauliza huyo ametoka wapi. Mama Riziki akamwambia ukutani. Kisha wa juu. Kisha wa katikati. Kisha wa chini. Tulisubiri hadi shingo zikauma. Yote mitatu ilibaki myeupe, na Mama Riziki akachukua kifungulio cha soda.

Masere alivua miwani, akaifuta. Alisema ameona ya leo, na ni nzuri. Lakini shule inakula kila wiki, na barafu siku nyingine inapungua, na mtu siku nyingine anachoka. Nani atapima siku hizo nyingine, pale Kituku, kabla samaki hawajaingia jikoni kwake? Lilikuwa swali zuri. Ningeliuliza mwenyewe. Nilianza hata kutafuta jibu kichwani, nani anaweza, nani ana mikono, nani ana subira ya kunusa uozo kila wiki.

Mama Riziki hakutafuta. Alininyooshea kifungulio cha soda.

"Huyu," alisema. "Haamini kitu."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, mastajere wenzangu. Ilichukua muda kidogo kupanga, Profesa alilalamika, kisha akanipa frigo ndogo ya zamani na baraka. Sasa nina meza chini ya bati pale Kituku, karibu na mitumbwi, na wale wanawake watano wana masanduku manane, na wasichana wa shule wanalalamika kwamba chakula ni samaki tena. Ninawaachia kiti, koti na ile pipeti. Na nyuma ya labo, juu ya ukuta wa mawe, mtakuta sahani ya sambaza imefunikwa kwa wavu. Mtu mpya wa usafi atataka kuitupa, kwa sababu inanuka. Mwambieni kunuka ndiyo kazi yake. Kila Jumatatu wekeni wabichi, waoze vizuri, na asubuhi yoyote mtakapopata jibu linalowafurahisha sana, nendeni kwanza ukutani.